Kabla ya Mfano wa Hundi

Kila kampuni kubwa ya simu nchini ina fungu la jamii, na kila fungu la jamii lina foleni ya barua. Barua zenyewe zinafanana. Juu kuna mhuri wa shule, zahanati au ofisi ya kata. Chini yake "YAH: MAOMBI YA MSAADA". Kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Wanaomba madawati, mabati, kompyuta, tanki la maji, fulana za mashindano, mchango wa Mwenge. Shida wanazozieleza ni za kweli. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba kampuni inayopanga vipaumbele vyake kwa kufuata foleni hiyo haina vipaumbele, hata ikitoa mabilioni. Kampuni ya teknolojia inatakiwa ianze na maswali mawili, kwa mpangilio huu: biashara yetu inamuumiza nani? Na ni kitu gani tunachoweza sisi ambacho wengine hawakiwezi? Madawati yatazungumzwa baada ya hapo, na mara nyingi hayatakuwa na sababu ya kuzungumzwa.

Naandika haya nikiitazama Mkuza. Ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam. Wapenzi wa riadha wanaijua kwa shule na kituo cha michezo cha Filbert Bayi, yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Mkuza si kijiji kilichokuwa gizani ambako kampuni ingekwenda kupiga picha chini ya mnara mpya. Wala si Masaki, wanakoishi wakurugenzi. Ipo katikati: watu wa mjini wananunua viwanja, vijana wanaendesha bodaboda, wakala wa fedha hawako mbali na mlango wa mtu yeyote. Kwa idara ya mauzo, eneo kama hili ni soko zuri. Kwa fungu la jamii halionekani mpaka mwenye cheo aandike barua. Ndiyo maana nalichukua kuwa kipimo.

Tuanze na namna fungu lenyewe linavyoendeshwa. Fedha ambazo mtu wa nje anaziita za jamii hutoka mifuko mitatu tofauti. Wa kwanza ni udhamini: jezi, tamasha, mbio, ligi. Huo ni mfuko wa masoko na hauna aibu yoyote. Vodacom ilipoipa Ligi Kuu jina lake kwa miaka mingi ilikuwa inanunua tangazo, na mpira ukanufaika. Wa pili ni michango ya kisheria, kama ile inayoingia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Wa tatu ndio uwajibikaji kwa jamii hasa: fedha, ujuzi na muda ambavyo hakuna sheria inayolazimisha kuvitoa, na ambavyo havitolewi ili kuuza laini.

Matatizo huanza pale mifuko hii mitatu inapokaa kwenye dawati moja, na kwa kawaida dawati hilo liko idara ya masoko au mawasiliano. Meneja wake hupimwa kwa habari zilizotoka magazetini na dakika zilizopatikana kwenye televisheni. Mwaka wa fedha una mwisho wake, na fedha ambayo haijatumika inarudi kapuni, kwa hiyo miezi ya mwisho inakuwa ya kugawa. Ongeza shinikizo la kiutawala. Kampuni ya simu inahitaji ardhi ya kusimika minara, vibali vya halmashauri, njia ya kupitisha mkongo. Barua ya mkuu wa wilaya haiwezi kukaa foleni moja na ya mwalimu mkuu, kwa sababu kumkatalia mkubwa kuna gharama kubwa kuliko madawati mia. Hapo kipaumbele kinakuwa kimeshapangwa na hofu, na kazi inayobaki ni kutafuta maneno mazuri ya taarifa kwa vyombo vya habari.

Chukua dawati lenyewe. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitaka pasiwe na mtoto anayekaa sakafuni, na kampuni za kila aina, za simu zikiwemo, zikachangia madawati. Watoto walikaa, na hilo halibezwi. Lakini dawati la kampuni ya simu halikuwa na ubora wowote kulizidi la seremala wa Maili Moja. Kampuni ilileta fedha tu, kama ambavyo ingeleta benki, mgodi au kiwanda cha bia. Kila alichonacho mhandisi wake, kila kilichomo kwenye mtandao wake wa mawakala, vilibaki ofisini.

Baada ya dawati, zawadi inayopendwa ni chumba cha kompyuta, na hapa kampuni hudhani imejikomboa kwa sababu sasa inatoa teknolojia. Katika shule moja ya sekondari mkoani Pwani, ambayo sitaitaja, nilifunguliwa chumba cha namna hiyo. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa kwa vipande vya kitenge vilivyoshonwa kwa mkono, vizuri kabisa. Kibandiko cha mfadhili kilikuwa bado kinang'aa mlangoni. Nenosiri alikuwa nalo mwalimu wa TEHAMA aliyehamishiwa mkoa mwingine. Bando la intaneti lilikuwa limelipiwa mwaka wa kwanza tu. Mwanafunzi mmoja aliniambia, bila kinyongo, kwamba chumba kile hufunguliwa wageni wakija. Tatizo halikuwa uvivu wa walimu. Mfadhili alikuwa amenunua vifaa bila kununua uendeshaji: umeme wa LUKU, fundi, mafunzo ya mwalimu wa pili na wa tatu. Shule ikapewa deni la kila mwezi lililovalishwa sura ya zawadi.

Linganisha na kazi iliyofanywa kuhusu fistula. Wanawake wengi waliopata fistula ya uzazi wangeweza kutibiwa bure katika hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, lakini hawakufika. Kikwazo kilikuwa nauli. Mwaka 2009 hospitali ilianza kuitumia M-Pesa ya Vodacom, iliyokuwa na mwaka mmoja tu nchini, kuwatumia nauli, na taasisi ya hisani ya Vodacom ikaingia katika mpango huo. Mabalozi wa hospitali huko mikoani humtambua mgonjwa, nauli inatumwa kwa simu, balozi anaitoa kwa wakala na kumpandisha mama basi, na mgonjwa akifika balozi hulipwa kifuta jasho chake kwa njia hiyo hiyo. Hapakujengwa jengo. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa. Kilichotumika ni kile ambacho kampuni ilikuwa nacho tayari na wengine wote hawakuwa nacho: uwezo wa kupeleka shilingi elfu kadhaa mpaka kijijini kwa dakika chache, kwa mtu asiye na akaunti ya benki.

Kutoka hapo ikakua m-mama. Mfumo huu ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga zikiwemo, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uende nchi nzima. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, ndugu au mhudumu wa afya anapiga namba 115 bila malipo. Kwenye kituo cha uratibu mhudumu anauliza maswali, anapima uzito wa hali, anatafuta gari la wagonjwa. Likikosekana anamwita dereva jamii, yaani mwenye gari wa kawaida aliyeandikishwa na kufundishwa. Dereva akimfikisha mgonjwa kituoni, malipo yanaingia kwenye simu yake. Teknolojia ngumu ni kidogo sana hapo. Nguvu iko kwenye kumhakikishia dereva kwamba akitoka kitandani saa nane usiku hatadai nauli kwa familia iliyo kwenye taharuki.

Kuna somo la pili kwenye m-mama, la upimaji. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015–16. Kampuni yoyote ingetamani kuliweka anguko hilo kwenye ripoti yake ya mwaka. Isithubutu. Katika kipindi hicho Serikali ilijenga vituo vya afya vingi vyenye vyumba vya upasuaji, ikaajiri, ikanunua magari, na wadau wengine nao walikuwepo. Kampuni inaweza kuripoti kipande chake: simu zilizopigwa, dakika zilizopita kabla gari halijafika, safari zilizoshindikana na sababu zake. Anayejitwalia ushindi wa taifa zima hawezi kujua mwakani ni kitu gani chake kimeharibika.

Kibaha yenyewe ina kumbukumbu ya mradi uliopangwa vizuri kuliko mingi ya leo. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianzisha hapa kituo kilichounganisha elimu, afya na kilimo, sawasawa na maadui watatu waliotangazwa na Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa Serikali, na ndicho Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Hospitali ya Tumbi, shule ya sekondari ya wavulana, vyuo vyake, vyote vina asili hapo. Wafadhili walikuwa na mpango wa kuondoka, na waliondoka wakiacha chombo chenye sheria yake, bajeti yake na watu wake. Zaidi ya nusu karne baadaye bado kipo. Waulize wenye mafungu ya jamii leo ni mradi wao upi una tarehe ya kukabidhiwa na jina la atakayeupokea.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza, la nani anaumizwa, maana ndilo linalokwepwa zaidi. Mama lishe wa kando ya Barabara ya Morogoro anapokea ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wanaomcheka aliyetapeliwa hawaelewi ujanja wa ujumbe huo. Unatumwa kwa maelfu ya watu, na kati yao hawakosekani ambao asubuhi ile wanadaiwa kodi ya pango au ada, na walikuwa kweli wanajiandaa kutuma. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na kampuni zinatoa matangazo ya tahadhari. Lakini aliyetuma hahitaji tangazo. Anahitaji mtu wa kumpigia simu, apokelewe upesi, na fedha izuiwe kabla tapeli hajaitoa kwa wakala. Muda huo wa kupokelewa ni uamuzi wa bajeti. Kampuni inayokabidhi viti vya zahanati huku ikimwacha mteja wake anasikiliza muziki kwenye namba ya huduma kwa wateja imepanga vipaumbele vyake miguu juu.

Jeraha la pili ni mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, baada ya kilio cha watu kudhalilishwa mbele ya ndugu na wafanyakazi wenzao kwa madeni madogo. Wakopeshaji hao si kampuni za simu. Hata hivyo fedha ilipita kwenye simu, vitisho vilipita kwenye simu, na majina ya watu waliosumbuliwa yalichotwa kwenye simu ya mkopaji. Kampuni inayoona mapato yake kwenye kila muamala haiwezi kusema hayo ni ya Benki Kuu peke yake. Elimu ya fedha, ikitolewa sokoni kwa lugha ya sokoni kabla ya mtu kubonyeza "kubali", ni uwajibikaji wa kweli kuliko fulana.

La tatu halizungumzwi kabisa: fedha za wateja zilizolala. Salio lote tulilonalo kwenye simu hukaa benki kwenye akaunti za amana, na huzaa riba. Kenya, riba ya fedha za M-Pesa ilielekezwa kwenye kazi za hisani, na M-Pesa Foundation iliyoanzishwa mwaka 2010 ilikuja kujenga hadi shule kubwa kule Thika. Tanzania tulichukua njia nyingine: mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wenyewe sehemu ya faida hiyo, na wengine wakafuata. Njia ya Kenya ilijenga vitu vinavyoonekana. Ya Tanzania ilimrudishia kila mtu kiasi kidogo ambacho huenda alikinunulia vocha. Mimi nasimama na ya Tanzania. Kabla kampuni haijaitwa karimu, iangaliwe kwanza fedha inayotolewa ni ya nani. Anayetaka kutoa sadaka kwa riba ya salio lake aulizwe, akubali, halafu shukrani ziende kwake.

Najua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni ya adabu: kutoa ni moyo, na zawadi haikaguliwi. Kwa jirani aliyeleta kikapu cha maembe, sawa. Kwa kampuni yenye wanahisa, ambayo matumizi yake yote hukaguliwa mpaka mafuta ya jenereta, sioni kwa nini fungu la jamii liwe chumba pekee kisichoingiwa na taa. Mwaka 2017 Vodacom iliuza asilimia 25 ya hisa zake kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa kutakiwa na sheria, na maelfu ya Watanzania wakanunua. Wana haki ya kujua shilingi iliyotolewa kwa jina lao ilifanya nini.

Ya pili inatoka upande wa pili, kwa wafuasi wa Milton Friedman, ambaye mwaka 1970 aliandika kwamba wajibu wa kampuni ni kuongeza faida ndani ya kanuni za mchezo, mengine iwaachie wananchi na serikali. Nakubaliana naye kwenye jambo moja: meneja asijifanye serikali. Lakini kampuni ya simu leo imeshika mlango wa fedha, wa utambulisho na wa mawasiliano ya dharura. Madhara yake si ya pembeni. Kuyashughulikia ni sehemu ya kuendesha biashara hiyo, kama fundi umeme anavyotakiwa kufunika nyaya alizoziacha wazi.

Ya tatu ni kuuita mnara msaada. Mei 2023 zilisainiwa Dodoma hati za kujenga minara 758 vijijini, kampuni zikijenga kwa ruzuku iliyopitia UCSAF. Ni kazi kubwa na ya lazima. Ila ruzuku ni ya umma, mapato ya mnara ni ya kampuni, na wananchi watalipia kila dakika watakayoongea. Ukarimu hauingii katika hesabu hiyo.

Ya nne inasikika sana kwa madiwani: Bunge liweke asilimia. India ilifanya hivyo kwa Sheria ya Kampuni ya mwaka 2013, ikazitaka kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu. Asilimia inahakikisha kiasi, haihakikishi uchaguzi. Unaweza kutimiza 2 kamili kwa vyumba vya kompyuta vilivyofungwa. Cha kuazima kiko karibu zaidi, kwenye Sheria yetu ya Madini baada ya mabadiliko ya mwaka 2017: mwenye leseni anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane nao na halmashauri, kwa kuzingatia vipaumbele vya halmashauri yenyewe. Kampuni za simu hazina sharti kama hilo, na hakuna kinachozizuia kulifuata kwa hiari.

Upande wa jamii nao una kazi. Jirani zetu wa Kisarawe walionyesha njia walipoendesha kampeni ya Tokomeza Zero chini ya Jokate Mwegelo, aliyekuwa mkuu wa wilaya. Wilaya ilichagua jambo moja, kufuta daraja sifuri, na wachangiaji wakaitwa kwenye jambo hilo. Shule ya wasichana ikajengwa. Tunaweza kubishana kama jengo ndilo lilikuwa dawa ya sifuri. Lakini mchangiaji hakuachiwa aokote tatizo alipendalo. Mkuza ikitaka kufanya vivyo hivyo inazo zana: mikutano ya mitaa, na utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo unaotumika kuibua mipango ya halmashauri. Kata ipeleke orodha moja yenye mambo matatu kwa mpangilio, badala ya barua tisa zinazoshindana.

Kwa kampuni, ninayopendekeza yanaweza kufanyika ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Fungu la jamii litolewe idara ya masoko liwe chini ya bodi yenye watu wa nje, na udhamini uitwe udhamini. Mambo ambayo kampuni haitayagharimia yaandikwe na kutangazwa, ili meneja akipokea barua nzito awe na karatasi ya kujitetea nayo; Mwalimu Nyerere alituachia usemi kwamba kupanga ni kuchagua, na anayechagua hukataa. Kila mradi ufungwe kwa miaka isiyopungua mitatu, na gharama za uendeshaji ziwe ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Madhara ya biashara yenyewe, kuanzia utapeli mpaka miamala iliyokosewa namba, yawekewe shabaha inayopimika na yatangulie kwenye ripoti kabla ya picha za makabidhiano. Na miradi iliyokufa iorodheshwe pamoja na iliyo hai, kwa sababu kampuni nyingine inakaribia kurudia kosa lile lile kata ya jirani.

Nafahamu kwamba kwa mwalimu mkuu mwenye wanafunzi wanaokaa watatu watatu, mazungumzo ya bodi na shabaha yanasikika kama anasa. Hata hivyo yeye ndiye anayebaki na chumba kilichofungwa. Kwa hiyo yeye na diwani wake, wakialikwa kupokea ule mfano wa hundi mkubwa kama mlango, waulize matatu kabla turubai halijafungwa. Nani atalipa umeme na matengenezo mwaka wa tatu? Mradi huu unatumia kitu gani ambacho kampuni yenu peke yake inacho? Na mwaka jana wateja wangapi wa kata hii waliotapeliwa walirudishiwa fedha zao? Kampuni yenye majibu haitaona tabu kuyaweka kwenye mkataba. Isiyo nayo, afadhali ikae na hundi yake mpaka iyapate.